Mizinga Tunayo, Maua Je?

Kila baada ya muda, vijiji vya huku Malindi hupokea mizinga ya nyuki. Lori linafika, hotuba zinatolewa, mama mmoja wa kikundi anavishwa lile vazi jeupe la kurinia na kupigwa picha, kisha wageni wanakwenda zao. Pita tena miezi kadhaa baadaye. Mizinga bado inaning'inia kwa waya chini ya mwembe, rangi haijapauka hata, lakini ukiigonga hakuna kinachovuma. Ndani anaishi mjusi. Ule uliowahi kuingiwa una masega yaliyoliwa na nondo wa nta mpaka yakabaki utando mtupu. Ukiuliza, jibu ni moja: "Nyuki wamehama." Linasemwa kwa uchungu, kama mtu anayemzungumzia mpangaji aliyetoroka na kodi.

Mimi nawatetea nyuki. Walihama kwa njaa.

Nyuki wa Ulaya amezoea kukaa na mzinga wake na kulimbikiza asali ya kumvusha majira ya baridi. Wetu wa Afrika hana subira hiyo. Maua yakikatika, malkia anapunguza kutaga, akiba inanywewa, na siku moja kundi zima linaondoka kwenda kutafuta pengine. Tena nyuki hatafuti mbali bila kikomo. Mara nyingi malisho yake yamo ndani ya kilomita tatu hivi kutoka mzingani. Akivuka sana hapo, anachokibeba kinaishia njiani kwa kumpa nguvu za kuruka. Kwa hiyo ukitundika mzinga mahali ambapo kilomita tatu kila upande ni visiki na mchanga, umetundika sanduku.

Lakini nenda kwenye mikutano ya ufugaji nyuki usikie tunachobishania. Mzinga wa Langstroth, ule sanduku la fremu, au mzinga wa vijiti, ambao nyuki hujenga masega kwenye vijiti vilivyopangwa juu? Wa kwanza ulipata hataza Marekani mwaka 1852, wa pili ulibuniwa hapahapa Kenya miaka ya 1970, na yote miwili inafaa. Hata gogo lililotobolewa na wazee linafaa. Sijawahi kusikia mkutano uliomaliza asubuhi nzima ukijadili mti wa mrihi.

Na mrihi ndio ungestahili kujadiliwa. Msitu wa Arabuko-Sokoke, takriban kilomita za mraba 420 zilizobaki za msitu wetu wa pwani, una eneo kubwa la mirihi, na mti huo ukichanua nyuki wanajua kabla yetu. Msitu wa Dakatcha, kule Magarini, una mirihi pia, na huko ndiko gunia la mkaa linakotoka. Hapa Mida tuna mikoko. Mchu, mmoja wa mikoko hiyo, hutoa maua madogo ya manjano ambayo mpita njia hayaoni, ila nyuki anayaona. Wako watu wa pwani waliotundika mizinga yao humo mikokoni kwa makusudi: mwenye shoka akisikia mvumo juu ya kichwa chake, anakumbuka shughuli nyingine. Huo ni ulinzi wa rahisi kuliko wowote ninaoujua, na mlinzi hadai mshahara.

Tatizo letu ni kwamba nyuki tunamhesabu kwa chupa. Chupa ngapi, bei gani, ni halisi au ina sukari. (Na hapo mtu atatoa kibiriti, achovye njiti kwenye asali, aiwashe na kutangaza matokeo. Kibiriti hakithibitishi chochote jamani. Afadhali umuulize muuzaji kama alirina masega yaliyokwisha kufunikwa kwa nta, maana nyuki hafuniki mpaka maji yamepungua, na kwa unyevu huu wa pwani asali mbichi huchacha upesi.)

Faida kubwa zaidi haiingii chupani. Nenda shamba la matikiti kando ya Mto Sabaki asubuhi, jua halijakaza. Mmea mmoja una maua ya aina mbili. La kiume lina chavua tu. La kike utalitambua kwa kitikiti kilicho nyuma yake, ukubwa wa ncha ya kidole, kina manyoya laini, kimeumbika tayari. Usidanganyike, hicho bado ni ahadi tu. Ua linafunguka asubuhi, mchana linafumba, na halifunguki tena maishani mwake. Katika saa hizo chache linataka kutembelewa na nyuki mara nane au zaidi, ili chavua itapakae sawasawa. Lisipopata, kitikiti kinageuka manjano na kudondoka, au kinakua kimepinda, upande mmoja mnene na mwingine umesinyaa, na mnunuzi anakitupa kando ya rundo.

Saa hizohizo ndizo mkulima anazoingia na bomba la dawa mgongoni, kwa kuwa upepo umetulia. Baadaye analalamika kwamba matikiti hayakushika na mbegu alizouziwa ni feki. Angenyunyizia jioni, maua yakiwa yamefumba na nyuki wamerudi nyumbani, asingetoa hata shilingi ya ziada.

Kule California, kila Februari wenye mashamba ya lozi huwalipa wafuga nyuki walete mizinga shambani. Hapa mfuga nyuki huambiwa aondoe yake. Hofu hiyo siidharau: nyuki wetu ni wakali, na punda aliyefungwa kamba karibu na mzinga hana pa kukimbilia. Basi mizinga ikae mbali na boma na njia ya watoto, na mifugo isifungwe karibu nayo. Lakini mwenye mikorosho anayemfukuza jirani mwenye mizinga anafukuza korosho zake mwenyewe.

Tuliosoma chuo cha Kurani tunaijua Surat an-Nahl, yaani Sura ya Nyuki, aya ya 68 na ya 69. Nyuki ameamrishwa ajifanyie nyumba majabalini, mitini na katika wanavyojenga watu. Kisha ale katika kila matunda. Ndipo kinapotoka kinywaji chenye ponyo. Sisi tumeshika mwanzo na mwisho. Nyumba tunagawa, ponyo tunauza, na huko kula katikati tumekuruka kabisa.

Ombi langu kwa wenye miradi na kwa kaunti ni dogo. Kabla ya kununua mzinga hata mmoja, kaeni na wazee warina asali wa kijiji, mwandike mti gani unachanua mwezi gani. Mwembe na mkorosho wana kipindi chao wakati wa upepo wa kusi, mchu una wake, mwarobaini na mkwaju vilevile. Palipo na pengo, fedha za nusu ya mizinga zinunue miche. Picha ya mche haivutii gazetini, najua.

Na siku lori litakapofika tena, wana kikundi wamuulize aliyelileta, kabla kamba hazijafunguliwa: nyuki hawa watakula nini Februari, jua la kaskazi likiwa limekausha kila kitu? Akiwa na jibu, tushushe mizinga pamoja.