Kabla ya kuuliza shule, uliza kiti

Ingia ofisini kwa hedimasta hapa Uganda ukiwa umembeba mtoto mwenye mtindio wa ubongo, uone. Maswali ni matatu: anatembea? Anaongea? Chooni anakwenda mwenyewe? Ukijibu hapana mara tatu, unaambiwa kwa upole kabisa, "Mama, huyu mpeleke shule yao." Shule yao! Kana kwamba iko hapo nyuma ya steji ya boda.

Mtoto anajua nini, hakuna anayeuliza. Jina lenyewe limetuponza: mtu akisikia "ubongo" anamalizia mwenyewe kwamba akili hakuna. Kumbe kilichoumia, mtoto alipokosa hewa wakati wa kuzaliwa au alipopandwa na malaria kichwani, ni sehemu inayoamuru misuli. Wapo ambao akili nayo imeguswa. Wapo pia wanaoelewa kila neno hedimasta analosema juu yao.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mtoto huyu hupimwa akiwa ameketishwa vibaya. Wanamweka kwenye benchi, miguu inaning'inia, makalio yanateleza mbele, mgongo unapinda, kichwa kinaanguka. Nguvu zote zinaishia kujizuia asidondoke. Udenda unamtoka, mkono unakakamaa, ubao hauoni. Mwalimu anaandika: hafundishiki. Kilichopimwa hapo ni benchi.

Na kiti chenyewe si cha kuagiza Ulaya. Fundi seremala wa Ndeeba, Kampala, anakiunda kwa plaiwudi na mbao za kawaida, ilimradi umpeleke na vipimo, si picha ya kwenye simu. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, halafu punguza upana wa vidole viwili. Kiti kikizidi hapo, mtoto atateleza ili magoti yapate kukunjika. Nyayo zikanyage ubao wa miguu, magoti yakae pembe mraba. Mkanda upite pale paja linapokutana na nyonga. Ukipita tumboni unambana pumzi, na makalio yanachomoka chini yake. Mapaja yakijibana kama mkasi, weka kigingi chenye sponji katikati ya magoti. Kazi yake ni kuyatenganisha, si kumzuia asiteleze, kwa hiyo kisifike kwenye kinena. Meza iwe usawa wa viwiko, yenye ukingo ili penseli isibingirike.

Anza na dakika 20. Ukimtoa, kagua makalio na uti wa mgongo. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi, gusa: pakiwa na joto au pamekuwa pagumu, kiti kinamuumiza, kirekebishe kabla hajapata kidonda. Kila muhula pima upya. Aliye karibu na Katalemwa au CoRSU ya Kisubi, vituo vya kuhudumia watoto wenye ulemavu, aende kwa wataalamu wao. Wa Kotido, mbali kule Karamoja, asikae miaka akisubiri nauli.

Veranda ya darasa ikiwa na kimo cha sentimita 30, mteremko wa kiti cha magurudumu uwe wa mita 3.6. Ule wa mita moja wanaoupigia picha ni wa kumwangushia mtoto.

Haya, nakubali: mwalimu wa UPE, elimu ya msingi ya serikali kwa wote, mwenye watoto 90 darasani hana mkono wa tatu wa kulisha na kubadilisha nepi. Basi aseme "nahitaji msaidizi", asiseme "mtoto hawezi". La kwanza tunaweza kulipeleka kwenye kikao cha wazazi, hata kwa afisa elimu wa wilaya. La pili linamrudisha mtoto kwenye mkeka nyumbani, ilhali sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kumbagua shuleni.

Akifika P.7, darasa la mwisho la msingi, simama juu ya kichwa cha mwalimu siku ya usajili wa mtihani mpaka uone kwa macho yako ulemavu umeandikwa. UNEB, baraza la mitihani, huwaongezea watahiniwa kama yeye dakika 45, lakini haiwezi kumwongezea mtoto ambaye fomu inasema ni mzima.