Leaf ya mtumba: nani anajua bei yake?

Jumamosi moja asubuhi nilisimama kwenye maegesho ya ploti yetu jijini Nairobi, nikisikiliza watu wawili wakishindwa kuelewana juu ya gari moja. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa anauza gari la umeme, Nissan Leaf ya mwaka 2016, yenye betri ya kilowati-saa 30, aliyoiendesha miaka minne tangu itoke bandarini Mombasa. Alitaka milioni moja na laki tatu na nusu. Mnunuzi alikuwa kijana anayeishi Kitengela na kufanya kazi katikati ya jiji. Alilizunguka gari mara mbili, akaketi nyuma ya usukani, akaikodolea macho skrini yenye maandishi ya Kijapani, kisha akasema: "Mzee, mimi nina laki saba na nusu. Hiyo betri ikifa nitabaki na bodi tu. Hata leo sidhani inafika kilomita themanini."

Mwalimu akakasirika kidogo. "Kijana wangu, hili gari linakwenda kilomita 280. Karatasi zake zinasema."

Tofauti ya laki sita si ya kupatana bei. Wangekuwa wanauziana Toyota Vitz ya mwaka huohuo, wangeanza wakitofautiana kwa elfu themanini au laki moja, wakamaliza kabla chai haijapoa. Bei ya Vitz inajulikana na broka, fundi, mwenye yadi, hata mtoto wa mwenye gari. Bei ya Leaf kila mtu anaitoa kichwani mwake: muuzaji anaitoa kwenye kumbukumbu ya alicholipa, mnunuzi anaitoa kwenye hofu yake. Nimeshuhudia mvutano huu mara kadhaa sasa, na naamini umefika wakati tuutazame kwa utulivu, kwa sababu magari haya yanazidi kuingia na watu wanaweka humo akiba ya miaka.

Tuanze na namba zao mbili, maana zote zilikuwa na makosa. Ile 280 haikuwa uongo wa mwalimu. Ni kipimo cha Japani cha wakati ule, kiitwacho JC08, kinachofanyika kwenye mashine kwa mwendo wa upole usiofanana na barabara yoyote ya kwetu. Gari lilelile, likiwa jipya, lilipimwa na shirika la mazingira la Marekani likapewa kilomita 172. Kwa uzoefu wa wanaoziendesha hapa, namba hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu na ukweli. Muuzaji anayenukuu kipimo cha Kijapani anajiharibia mwenyewe: mnunuzi akigundua kwamba 280 haipo, ataacha kuamini na mengine yote.

Hofu ya kijana nayo ina mzizi. Leaf ilipoanza kuuzwa Desemba 2010 ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24 isiyopozwa kwa maji. Inategemea hewa tu. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, jimbo la jangwa, walianza kulalamika kwamba betri zao zinapungua upesi mno, na Nissan ikalazimika kuongeza dhamana ya uwezo wa betri. Joto ndilo adui mkubwa wa betri hizi, kuliko hata idadi ya kilomita. Lakini Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na usiku gari linapolala nje linapoa vizuri. Leaf iliyokaa miaka minne Nairobi na iliyokaa miaka hiyohiyo Mombasa, ikianikwa juani kila siku, ni magari mawili tofauti hata kama yalitoka kiwandani wiki moja. Mnunuzi anayeuliza "ya mwaka gani?" asipouliza "imekaa wapi?" ameacha swali lenye uzito zaidi.

Hata hivyo, mnunuzi ana hoja nyingine ambazo hazitegemei betri ya gari husika kabisa, na hapa namuunga mkono bila kusita. Bei ya gari kuukuu hufuata bei ya lililo jipya zaidi yake, na upande wa umeme bei hiyo imekuwa ikiporomoka. Januari 2023 Tesla ilipunguza bei za magari yake mapya, mengine kwa karibu asilimia 20, na waliokuwa wamenunua miezi michache kabla wakaona thamani ya mali yao ikishuka usiku mmoja. Mwaka mmoja baadaye kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ikatangaza kuuza kama magari 20,000 ya umeme huko Marekani, na soko la yaliyotumika likafurika. Betri zenyewe zimeshuka bei mno: kwa hesabu za BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa masoko ya nishati, wastani wa dunia mwaka 2024 ulikuwa dola 115 kwa kilowati-saa, wakati mwaka 2010 ulizidi dola 1,000.

Kwetu kuna sababu za nyumbani pia. Mwaka 2019 Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Ushuru ukishuka kwa gari linaloingia kesho, lililoingia jana nalo hushuka thamani, apende asipende mwenyewe. Kisha kuna kanuni ya miaka minane, inayozuia kuingiza gari lenye umri zaidi ya huo: kila Januari mwaka mmoja wa nyuma unafungiwa mlango, kwa hiyo Leaf zinazoshuka bandarini sasa ni za betri ya kilowati-saa 40, ambazo zikiwa mpya hufika kilomita 243. Leaf ya mwalimu inashindana na hizo. Na plagi yake ya kuchaji kwa haraka, CHAdeMO, ni ya Kijapani, ilhali magari mapya mengi yanayokuja kutoka China na Ulaya hutumia plagi nyingine. Atakayejenga kituo cha kuchaji miaka mitano ijayo hana lazima ya kumfikiria mwenye Leaf.

Ndiyo maana sauti ya "mimi nilinunua kwa milioni mbili" haina uzito wowote. Pesa aliyolipa mwalimu ilikuwa bei ya siku ile.

Lakini naye ana haki yake, na inadharauliwa. Gari lake halina oili ya injini ya kubadilisha, halina giaboksi ya gia nyingi ya kuvunjika, halina mkanda wa injini wa kukatika njiani. Breki zake hazijaliwa sana, kwa sababu mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha chaji. Petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita mwaka 2023, ilhali mwaka huohuo Kenya Power iliwekewa bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Tena betri iliyochoka barabarani haijafa. Huko Japani, Nissan na Sumitomo walianzisha kampuni ya 4R Energy kwa kazi hiyohiyo ya kufufua betri za Leaf, na mwaka 2018 ikafungua kiwanda mjini Namie, Fukushima. Betri yenye nusu ya uwezo wake bado inawasha taa, friji na televisheni ya nyumba moja umeme unapopotea. Mnunuzi anayeihesabu kama taka anamwibia muuzaji.

Sasa nifike pale ninapoona ubaya wenyewe. Mnunuzi asipoweza kutofautisha betri nzima na betri mbovu, hutoa bei ya mbovu kwa zote. Mwenye betri nzima akisikia bei hiyo, anaghairi kuuza. Anayebaki sokoni ni yule anayejua siri ya gari lake na kutaka kuiondoa mikononi haraka. Wanunuzi wakiumwa mara mbili tatu, habari zinasambaa, bei inashuka tena. Kwa hiyo hofu ya kijana wa Kitengela inalipwa na mwalimu ambaye hakumdanganya mtu. Na kijana anayefuata, akitaka gari zuri, hatalipata.

Dawa yake ni kupima. Siku ile niliwaomba wangoje, nikaleta kifaa kidogo cha Bluetooth ambacho binafsi nimekitumia kwenye gari langu. Kinachomekwa kwenye tundu lililo chini ya usukani, lilelile ambalo mafundi huchomeka mashine yao ya kusoma hitilafu. Simu yenye programu ya LeafSpy ikaunganishwa nacho. Kabla ya hapo nilimwonyesha kijana vijiti vidogo vyeupe vilivyo pembeni ya geji ya chaji. Leaf mpya huwa navyo 12. Hii ilikuwa na 11. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapopotea: kijiti cha kwanza hakizimiki hadi betri ipoteze kama asilimia 15 ya uwezo wake, halafu kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Kwa hiyo gari lenye vijiti vyote 12 linaweza kuwa zima kabisa, au limepoteza asilimia 14. Mbaya zaidi, kuna watu wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vijiti virudi vyote kwa muda. Baada ya wiki kadhaa za kuendesha vinaanza kuzimika kimoja kimoja, na mnunuzi ameshalipa.

Simu ikaonyesha afya ya betri: asilimia 81 ya uwezo iliokuwa nao ikiwa mpya. Chini yake zikatokea nguzo 96, moja kwa kila jozi ya seli, zikiwa zimelingana karibu zote. Hilo lilinifurahisha kuliko asilimia yenyewe, maana betri yenye seli moja dhaifu huzimika ghafla mlimani hata kama wastani wake ni mzuri. Asilimia 81 ya kilomita 172 ni kama kilomita 140. Mwalimu alinyamaza. Kijana naye alinyamaza.

Je, asilimia 81 ina maana gari lipoteze asilimia 19 ya bei? Hapana, na hili ndilo swali gumu kuliko yote. Kutoka Kitengela hadi mjini ni kama kilomita 30, kwenda na kurudi 60. Kwa kijana huyu, gari la kilomita 140 na gari la kilomita 170 ni lilelile. Kwa mtu wa mauzo anayekwenda Nakuru kila wiki, kilomita 160 kwa safari moja, gari hili halifai kwa bei yoyote. Asilimia kumi za kutoka 90 hadi 80 haziumi. Za kutoka 60 hadi 50 huenda zikamwacha mtu Athi River akitafuta soketi. Kwa hiyo bei ya haki haiko ndani ya gari peke yake. Iko pia kwenye safari za anayelinunua.

Mwalimu aliidaka hoja hiyo upesi: basi kama gari linamtosha, alipe. Kijana akamjibu vizuri: "Mzee, nami nitauza siku moja." Ni kweli. Miaka minne ijayo betri hii inaweza kuwa kwenye asilimia 70, na mnunuzi wake atakuwa mtu wa safari fupi zaidi. Anayenunua leo ananunua na ule mteremko wa mbele, na ni haki aukate kwenye bei.

Wapo wanaosema tutenganishe kabisa: gari liuzwe peke yake, betri ikodishwe. BasiGo, kampuni ya mabasi ya umeme, imefanya hivyo kwa mabasi yake hapa Nairobi, mwenye basi akilipia betri kwa kilomita. Kwa mabasi naona inafaa, kwa kuwa basi linaingiza pesa kila siku. Kwa gari la nyumbani nina wasiwasi. Ulaya, Renault iliuza Zoe kwa mtindo wa betri ya kukodi, na aliyenunua gari hilo kuukuu alirithi malipo ya kila mwezi. Hesabu ilikuwa wazi lakini wanunuzi walikimbia.

Mimi naona mzigo wa ushahidi umwangukie muuzaji. Ndiye amekaa na gari, na kifaa cha kupimia ni shilingi elfu chache. Akileta kipimo chake, mnunuzi apime tena kwa kifaa cha fundi wake mwenyewe, gari likiwa limeendeshwa, si limechajiwa tu likaegeshwa. Na serikali isikae pembeni. Gari la mtumba hukaguliwa Japani kabla ya kupakiwa melini. Cheti hicho kibebe mstari mmoja wa afya ya betri, kama kinavyobeba kilomita. California ilipitisha kanuni mwaka 2022 ya kuwataka watengenezaji, kuanzia magari ya mwaka 2026, wamwonyeshe mwenye gari afya ya betri bila kutumia mashine ya fundi. Umoja wa Ulaya unaleta pasipoti ya betri Februari 2027.

Nimesikia pingamizi kwamba karatasi itaghushiwa, na kwamba asilimia ikiandikwa, Leaf za zamani zenye asilimia 62 hazitapata mtu, wakati zingemfaa mwalimu wa chekechea anayekwenda kilomita 15 kwa siku. La kughushi nalikubali, ndiyo maana nasema ipimwe mara mbili. La pili silikubali. Mwalimu huyo wa chekechea ndiye anayehitaji zaidi kuijua hiyo 62, ili alipie 62.

Walielewana saa saba mchana, kwa milioni moja na elfu arobaini. Sijui kama wote wawili waliridhika, lakini hakuna aliyeondoka akihisi ameibiwa. Mkataba waliuandika kwa mkono juu ya boneti: afya ya betri asilimia 81, vijiti 11, kilomita zilizosomeka, tarehe, na kwamba asilimia ikishuka chini ya 78 ndani ya siku 60 mwalimu atarudisha elfu hamsini. Waya wa kuchaji, ambao hakuna aliyekuwa ameutaja tangu asubuhi, mwalimu akauongeza mwenyewe kwenye mstari wa mwisho.