Kilo 25, na Mgongo Uwe Wima

Sasa na huu ujumbe wa saa tano usiku ni wa nini? Mtu umeoga, umekula, umejinyoosha, simu inalia. Kundi la madereva. "Dereva yeyote asiye na cheti cha usalama na afya kazini hapewi safari kuanzia Jumatatu. Kozi iko mtandaoni. Bonyeza hapa." Halafu dada wa ofisini kamalizia na vile viganja viwili vya kuomba, ambavyo kila aliyeajiriwa anajua maana yake ni kwamba mjadala umefungwa.

Mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu. Nilianza kushika usukani wa lori zamani, enzi zile mashimo ya kwenda Mau Summit yalikuwa makubwa hadi yakapewa majina. Leo nafundishwa kushuka kwenye lori. Kushuka! Uso uelekee gari, na muda wote viungo vitatu viwe vimeshika: miguu miwili na mkono mmoja, ama mikono miwili na mguu mmoja. Kwa hivyo askari akikuita chini pale kwenye kizuizi cha barabara, mwambie afande subiri, bado nahesabu viungo.

Kisa chenyewe ni kwamba tajiri amepata kandarasi ya mteja wa ng'ambo, na mteja amesema hataki kuona mtu kwenye mzigo wake asiye na cheti. Sawa. Sheria yetu wenyewe hapa Kenya ya usalama na afya kazini, ile ya 2007, inasema mwajiri ndiye wa kuhakikisha wafanyakazi wamepata mafunzo. Lakini bando ni yangu. Nilipouliza habari ya bando niliambiwa nina bahati kozi ni ya bure.

Kozi imetengenezwa Uingereza. Utajuaje? Swali la kwanza kabisa: barabara ikiganda barafu, umbali wa kusimama unaweza kuongezeka mara ngapi? Jibu ni mara 10. Nimelipata. Siku theluji itakapoanguka Awasi, nyinyi wote mtagongana, mimi peke yangu nitasimama. Ukungu wa Timboroa haukuulizwa. Bampu isiyo na rangi haikuulizwa. Pembetatu za kuonya gari likiharibika tulifundishwa vizuri, ila nilitafuta lile swali la matawi ya miti hadi mwisho wa somo na sikuliona.

Halafu kule kwao ukiendesha saa 4 na nusu, lazima upumzike dakika 45. Hiyo ni sheria, si ombi. Nikampigia tajiri kumweleza kwa unyenyekevu. Akauliza, "Uko wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Viazi vinangojewa sokoni Kibuye, Kisumu," akakata.

Lakini hayo ni madogo. Ngoja nikwambie ya Molo.

Nilikuwa napakiwa viazi. Nimekaa juu ya gurudumu la spea, simu mkononi, somo la kubeba mizigo linaendelea. Sauti nimeiweka juu kwa sababu ya kelele, na huwezi kuruka mbele, maana ukiruka programu inakurudisha mwanzo. Kwenye kioo kuna bwana safi, shati limepigwa pasi, mbele yake kasanduku kadogo ka kadibodi ambako hata hakajafungwa vizuri. Vijana wa kupakia wakaanza kusogea mmoja mmoja.

"Dere, huyo anauza nini?"

"Hauzi. Anafundisha kubeba mzigo."

Wakatazamana. Mkuu wao, mzee mmoja mwenye shingo nene na maneno machache, akatua gunia lake. "Kubeba? Haya, tumsikie."

Kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi juzi akawa mkalimani. Bwana akasema hatua ya kwanza, jiulize kama mzigo huo una haja ya kubebwa.

"Mwambie uko na haja," akasema mzee. "Nina mtoto kidato cha pili."

Hatua ya pili, angalia kama kuna mashine ya kukusaidia. Wote wakageuka wakamtazama mmoja wao, jamaa mwembamba aliyekuwa amelala kwenye nyasi. "Mashine iko," wakasema, "ila haijakunywa chai."

Halafu bwana akafika kwenye uzito. Mwanamume, kilo 25, na hizo ni kama mzigo uko karibu na kiuno. Ukipita bega, kilo 10.

Kimya. Molo nzima ikanyamaza, hata ile jenereta ya posho mill nadhani ilipunguza.

"Kumi?"

"Kumi."

Mzee akavua kofia, akauliza kwa upole wa mtu aliyekuja matangani, "Na zile zingine zinabebwa na nani?"

Sasa elewa tulichokuwa tunapakia. Ni lumbesa, ile gunia ikijaa inavikwa kilemba cha wavu, viazi vinaendelea kupanda, vinashonwa kwa kamba hadi gunia linakuwa na kichwa na mabega. Hilo halina habari na kilo 50 zilizoandikwa kwenye kanuni za viazi za 2019. Hilo linapita 100 bila kupiga hodi. Linavyobebwa ni hivi: wawili wanalinyanyua, wa tatu anaingia chini na mgongo, anapanda nalo ubao hadi kwenye lori, ubao unalia, yeye halii.

Mzee akasema, "Ngoja nijaribu ya mzungu."

Tulimkataza. Akasema elimu haikataliwi. Akasimama mbele ya gunia, miguu akaitanua kama bwana alivyoitanua. Akakunja magoti. Akalikumbatia. Mgongo wima, kidevu juu, macho mbele, kila kitu alichofanya bwana na kasanduku kake. Tukangoja. Gunia halikutikisika. Mzee naye hakutikisika. Wakabaki hapo wamekumbatiana.

"Mzee, inuka basi."

"Naangalia mbele."

"Umeangalia vya kutosha. Inuka."

"Magoti yamekataa."

Ikabidi aokolewe kwa njia ile ile ya siku zote: wawili wakamnyanyua, wa tatu akaingia chini na mgongo.

Dalali kusikia vicheko akaja mbio. "Nani anahubiri kilo 25 hapa? Dere, usiniharibie watu!" Kumbe mama mwenye shamba yuko nyuma yake, leso kaifunga kiunoni. "Muache mwanangu. Ongeza sauti." Maana yeye analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Kile kilemba chote kinaenda bure. Akamuuliza dalali kama hajui sheria inasema kilo 50. Dalali akasema anaijua sana, na gunia linaishia hapo, hivi vya juu ni vya kushikilia mdomo usifunguke. Wakaanzana. Simu nayo ikapiga kengele: umekaa muda mrefu bila kugusa, somo litaanza upya. Bwana akarudi na kasanduku kake. Jiulize kama mzigo una haja ya kubebwa.

Mzee alikuwa ameketi kando anajikanda kiuno. Akaniuliza, "Dere, hicho cheti na sisi tutapewa?" Nikamwambia ni cha walioandikwa. Hii sheria ya 2007 haichagui, inahusu kila mtu aliye mahali pa kazi, awe wa kudumu au wa siku moja. Lakini yeye hayuko kwenye orodha ya mtu yeyote. Tajiri hamjui, dalali anamlipa kwa gunia, kwa hivyo yeye mwenyewe hataki gunia dogo wala hataki kusikia habari za kupumzika. Mgongo ukimshika kesho, yule mwembamba wa kwenye nyasi ataamshwa. Mimi niliye na kiti, tena kina mto wa sponji, ndiye nafundishwa kutunza mgongo! Nani alipanga haya mambo?

Na moto je? Somo zima la mitungi: wa maji, wa povu, wa unga, wa gesi, usimwage maji kwenye mafuta yanayowaka. Vizuri. Picha waliyoweka ni pipa la karatasi linafuka moshi ofisini, na bwana mwenye tai ameshtuka. Bwana, mimi kwenda Molo napita Sachangwan. Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapo, watu wakakimbilia kuteka na vibuyu na ndoo, moto ukaua zaidi ya 100. Usinionyeshe pipa. Nifundishie yule tanboi wangu, utingo wa lori, akiona tangi limelala asiteremke na ndoo. Nifundishie hawa wenzangu wanaoteremka wameweka fri, gari halina gia, eti wanabana dizeli, breki zinanuka hadi Salgaa. Lakini hapana, theluji. Tumalizane na theluji kwanza.

Haya, nimemaliza, nimepita, tarumbeta zimepigwa kwenye simu hadi jirani akadhani nimeshinda bahati nasibu. Kukichapisha cheti pale saiba, rangi ni bei nyingine, nyeusi ni bei nyingine, na nyeusi ofisini hawataki.

Viazi vilifika Kibuye salama. Nikashusha, nikasema sasa na mimi nile kama binadamu, nikaingia kibanda cha karibu, nikaagiza chipsi. Msichana akaniletea sahani unaweza kuhesabu zilizomo bila kugusa. Nikamwambia, dada, viazi hivi nimevileta mimi mwenyewe kutoka Molo, lori zima, na kila gunia lina kilemba. Akatazama lori, akatazama sahani, akanisogezea chumvi.

"Kachumbari unalipia kando, baba."