Mchane, lakini mwache aondoke

Kwa karibu mwaka mzima, Ijumaa asubuhi hapa kwetu Ng'ambo ilikuwa siku ya kumuogesha paka wetu, Halua. Mmoja anamkamata ukosi, wa pili anabana miguu, wa tatu anamwaga maji. Halua ni chotara wa paka wa Kiajemi. Manyoya yake marefu yana rangi ya jina lake, na joto la Unguja likikutana na unyevu wa masika, manyoya yale husokotana nyuma ya masikio na kwapani. Tuliamini tunamtendea wema. Ikafika wakati akisikia tu beseni linaburutwa uani, anapanda paa la jiko na kukaa huko hadi magharibi bila kula. Siku moja mama alimtazama kule juu, akaniuliza, "Mwanangu, mnyama huyu mmemfanya nini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Naandika haya kwa sababu nyumba nyingi ninazozijua zinafanya tuliyokuwa tukifanya sisi. Maoni yangu ni kwamba paka anayeachiwa aondoke katikati ya kuchanwa ndiye atakayekubali kuchanwa tena kesho, na kwamba paka mzima wa afya hana haja na beseni.

Wapo wanaosema paka lazima aoge kwa kuwa analala juu ya msala. Hao nawakumbusha hadithi ya sahaba Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe. Mkwewe Kabsha, mke wa mwanawe, alipomtazama kwa mshangao, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani.

Na kweli paka anajiosha mwenyewe, tena kwa ustadi. Ulimi wake una mamia ya miiba midogo iliyoelekea kooni, ya keratini, kitu kilekile kilichounda kucha zetu. Mwaka 2018 Alexis Noel na David Hu, watafiti wa Georgia Tech kule Marekani, walionyesha kuwa ncha ya mwiba ina kishimo kama upawa, kinachoteka mate mdomoni na kuyafikisha hadi ngozini. Walieleza pia kwamba manyoya ya paka wa Kiajemi ni marefu kiasi kwamba miiba hiyo haifiki chini. Niliposoma hayo ndipo nilipomwelewa Halua. Hakuwa mchafu wala mvivu, ulimi wake haufiki tu. Chanuo langu kazi yake ni kuendeleza pale ulimi ulipokomea.

Tulianza upya. Wiki ya kwanza chanuo lilikaa sakafuni karibu na sahani yake, halimgusi. Alilinusa, akalizunguka, siku ya nne akalisugulia shavu. Baadaye nikaanza kumkuna nalo mashavuni, chini ya kidevu, na pale kati ya jicho na sikio. Paka ana tezi za harufu sehemu hizo, ndiyo maana hutusugua nazo miguuni, na wengi hupenda kuguswa hapo. Tumboni na kwenye shina la mkia ni habari nyingine kabisa. Namchana mara tatu nne, nampa dagaa mmoja, basi. Huwa nachagua baada ya alasiri, akiwa ameshiba na anasinzia barazani.

Mwili wake ndio unaoniambia wakati wa kuacha. Ngozi ya mgongo ikitetemeka, ncha ya mkia ikianza kupigapiga, masikio yakilala ubavuni, naweka chanuo chini. Simsubiri atoe kucha. Jamaa huniambia namdekeza na kwamba kwa mtindo huo kazi haitaisha. Kwa siku moja haiishi, ni kweli. Lakini dakika mbili mbili kila siku zilitufikisha mbali, na mwezi wa tatu alikuwa anajilaza ubavu mwenyewe nimfikie kwapani, mahali ambapo zamani watu watatu walitoka na mikwaruzo.

Kumkamata ukosi nako tuache. Mama hubeba mtoto hivyo akiwa bado mchanga sana. Paka mkubwa anayenyamaza akikamatwa vile hajatulia hata kidogo, ameganda kwa hofu.

Fundo lililoshikamana msilikate kwa mkasi. Ngozi ya paka ni nyembamba na huvutika juu pamoja na fundo, kwa hiyo ni rahisi sana kuikata bila kujua. Shika manyoya kwenye shina, kati ya fundo na ngozi, ili mvuto uishie vidoleni mwako, kisha lifungue taratibu kwa ncha ya chanuo ukianzia nje. Likishindikana, daktari wa mifugo atalinyoa kwa mashine. Na paka aliyeacha ghafla kujilamba, manyoya yakawa yamesimama ovyo, huenda anaumwa. Apelekwe kwa daktari kabla ya kufikiwa na chanuo.

Kuna jambo ambalo hadi leo likinijia usiku linanikosesha usingizi. Katika beseni la Halua tulikuwa tukitia dawa ya kuua vijidudu, ile inayogeuka nyeupe ikiingia majini. Dawa za namna hiyo zina fenoli, na ini la paka halina uwezo wa kuzivunja kama letu. Akijilamba, anazimeza. Dawa ya viroboto ya mbwa nayo ni hatari vilevile. Chupa ikiandikwa permethrin, isimguse paka hata tone, kwani humtia mtetemeko na degedege na inaweza kumuua. Muuzaji akikwambia ni dawa ya wanyama wote, soma kibandiko mwenyewe.

Jana mpwa wangu wa miaka saba alichukua chanuo, akakaa mkekani hatua chache kutoka kwa Halua, akaliweka sakafuni mbele yake. Hakumwita. Halua alijinyoosha mgongo, akatembea polepole hadi pale, akapitisha shavu lake kwenye meno ya chanuo, huku na huku, kisha akajilaza.