Rubani Aliyezima Injini Nzima

Hapa Tanga tumezoea hukumu za haraka. Basi likipinduka njia ya Segera, kabla ya jioni sababu imeshatajwa: mwendo kasi na uzembe wa dereva. Mara nyingi ni kweli, ndiyo maana hakuna anayehoji. Kwenye mabaraza ya kahawa Ngamiani hukumu hiyo huhamishiwa angani kama ilivyo: rubani akiharibu injini kwa mkono wake, afukuzwe, ashtakiwe, yaishe. Kwa mji ambao watu wake huvuka kwenda Pemba kwa vindege vya injini moja, hoja hiyo si ya kubezwa.

Na ushahidi wanao. Tarehe 3 Novemba 1973, DC-10, ndege kubwa ya abiria ya injini tatu, ya National Airlines ikiwa juu ya New Mexico, Marekani, rubani na mhandisi wake walianza kudadisi mfumo unaoongoza nguvu za injini unapata wapi taarifa zake. Wakachomoa sakiti breka, yaani swichi za kukata umeme, za vipimo vya mzunguko wa injini ili waone itakuwaje. Feni ya injini namba 3 ikasambaratika, dirisha likavunjika, abiria mmoja akafyonzwa nje akafa. Wachunguzi hawakuthibitisha kwa uhakika ni nini hasa kiliizidishia injini mzunguko, lakini majaribio yale hawakuyafumbia macho. Hapo mimi sina utetezi. Udadisi una mahali pake, na mahali penyewe si kwenye ndege yenye abiria.

Ila makosa mengi ya marubani hayafanani na hilo hata kidogo.

Tazama Kegworth, Uingereza, tarehe 8 Januari 1989. Boeing 737-400 ya British Midland ilitoka London kwenda Belfast na watu 126. Bapa moja la feni ya injini ya kushoto likakatika. Ndege ikatetemeka, harufu ya moshi ikaingia. Marubani wakaamua mgonjwa ni injini ya kulia, wakaipunguza nguvu, baadaye wakaizima. Mtetemeko ukatulia! Kumbe walipotaka kuipunguza ile ya kulia waliondoa kwanza mfumo unaoongoza nguvu za injini wenyewe, uliokuwa ukizidi kuimiminia mafuta injini mbovu ya kushoto. Kosa lilipokelewa na dalili zilezile za mtu aliyepatia. Nani asingeamini?

Rubani akawatangazia abiria kwamba injini ya kulia ilikuwa na hitilafu na imezimwa. Nyuma, baadhi ya abiria na wahudumu walikuwa wameona moto upande wa kushoto. Hakuna aliyekwenda mbele kusema. Hapa ndipo ninapokwama kila nikiifikiria ajali hii. Kwenye basi la Dar, mama mwenye kikapu anaweza kufoka, “Dereva, unatuua!” na basi zima likamuunga mkono. Ndani ya ndege, watu waliojionea moto kwa macho yao walijishuku wao wenyewe kabla ya kumshuku rubani, na wahudumu wakadhani huko mbele wanajua. Taarifa ya kuwaokoa ilikaa vitini kwa muda unaokaribia dakika 20, hadi injini ya kushoto nayo ilipokata tamaa uwanja ukiwa karibu. Wakafa 47.

Marubani wote wawili wakafukuzwa kazi. Sawa, lakini walikuwa wamefundishwa tofauti za ndege ile mpya kwa kozi ya siku moja, na Uingereza nzima haikuwa na simuleta yake, yaani mtambo wa kufanyia mazoezi ya kurusha ndege chini. Kipimo cha mtetemeko mbele yao kilikuwa kidogo na kigumu kusoma. Aliyeona siku moja inatosha, jina lake halimo kwenye hadithi tunazosimuliana.

Wanaopinga hoja yangu watanionyesha Taipei, Taiwan, tarehe 4 Februari 2015. ATR, ndege ya injini mbili za pangaboi, ya kampuni ya TransAsia ilipoteza injini ya kulia mara baada ya kuruka. Rubani akapunguza ya kushoto, iliyokuwa nzima, huku mwenzake akimwambia asubiri wahakikishe. Walikufa 43 kati ya 58. Rubani huyo aliwahi kushindwa mtihani, na wakufunzi walishaandika kuhusu woga wake. Basi alaumiwe, ndiyo. Lakini mamlaka ya Taiwan ilipowapima marubani wa ATR wa kampuni hiyo, 10 walishindwa maswali ya kukabili injini iliyokufa. Kumfukuza mmoja kungewaacha hao 10 angani.

Familia zilizofiwa zina haki ya kumjua wa kujibu, na mahakama zipo kwa kazi hiyo. Uchunguzi ni kitu kingine: Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa kimataifa, ambao Tanzania imo, unautaka uzuie ajali ijayo, usigawe lawama. Marekani tangu 1976 ina utaratibu ambapo rubani aliyeteleza bila kukusudia anaripoti kwa siri ndani ya siku 10 na kwa kawaida haadhibiwi. Anayekusudia au kuvunja sheria za jinai hakingwi. Mstari huo naukubali, na wale wa DC-10 nisingehangaika kuwatafutia kinga.

Kampuni zinazotuvusha kwenda Pemba na Unguja ningeziuliza hivi: kila rubani alifanya lini mara ya mwisho mazoezi ya injini kuzimika, na aliyeboronga alifanywa nini? Jibu libandikwe dirishani tunakokatia tiketi.