Leja isiyofutika na zege lililoongezwa maji

Kampuni ya ujenzi ya Carillion ilipofilisika Uingereza Januari 2018, ilikuwa na madeni ya karibu pauni bilioni 7 huku fedha taslimu zikiwa pauni milioni 29 tu. Wakandarasi wadogo, ambao baadhi yao walikuwa wamezoea kusubiri malipo hadi siku 120, walibaki na ankara mikononi. Hoja ya wanaotaka blokcheni, yaani leja ya kidijitali isiyofutika ambayo kila mhusika ana nakala yake, iingie kwenye usimamizi wa ujenzi inapata nguvu hapo: kazi ikishapimwa na kuthibitishwa, mkataba unaojitekeleza wenyewe kwenye kompyuta utoe malipo papo hapo, bila faili kulala mezani kwa mtu.

Ila programu hailipi fedha ambayo haijawekwa. Lazima mwenye mradi azitenge mapema, mahali ambapo mkandarasi mkuu hawezi kuzigusa. Ugumu uko hapo, maana wapo wakandarasi wakuu wanaoendesha shughuli zao kwa fedha ambazo kwa haki ni za walio chini yao. Akaunti maalumu ya mradi, yenye masharti ya amana, inaweza kuwalinda hao wadogo hata bila blokcheni, mradi sheria iwalazimishe wakubwa kuitumia.

Kwenye kumbukumbu, faida naiona wazi zaidi. Chukua mchoro wa slabu yenye unene wa milimita 200. Ukishapitishwa, faili lake hutengenezewa alama ya herufi na tarakimu 64. Mtu akija kubadili 200 kuwa 150, alama inakuwa nyingine kabisa. Na kwa kuwa alama ya kwanza iko kwa mwenye mradi, kwa mhandisi na kwa mkandarasi, hakuna atakayedai mchoro ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Anayejua jinsi kesi za ujenzi zinavyokwama kwenye swali la nani aliagiza mabadiliko, na lini, ataelewa uzito wa jambo hili.

Sasa twende kwenye zege lenyewe. Fundi wa maabara anachukua sampuli, anajaza vibweta vya milimita 150, vipande vinakaa majini hadi siku ya 28, vinapondwa, namba ya nguvu yake inaingia kwenye leja. Namba ni nzuri. Lakini baada ya sampuli kuchukuliwa, mtu aliongeza maji kwenye lori ili zege limwagike kwa urahisi, na maji hayo yakalidhoofisha. Leja haikuiona ile ndoo ya maji. Itaitunza namba ile miaka yote, na watakaoisoma wataiamini zaidi kwa kuwa haifutiki. Hili linanitia hofu kuliko gharama au umeme wa kuendesha blokcheni, kwa sababu jengo lile watakaa watu.

Lipo pia suala la nani atakubali kujiunga. Maersk na IBM walianzisha TradeLens mwaka 2018, blokcheni ya usafirishaji wa makontena, na Novemba 2022 wakatangaza kuifunga kwa kukosa ushirikiano wa kutosha wa sekta nzima. Ujenzi ni mgumu zaidi, kwani timu huvunjika kila mradi unapokwisha.

Kwa hiyo ningeanza na michoro na amri za mabadiliko tu. Malipo yaendelee kusubiri saini ya mhandisi, na bajeti ya kwanza iende kwa mkaguzi anayesimama kando ya lori mpaka zege lote limwagwe.