Video Mliyoiona Imekatwa Mwanzo

Kwanza kabisa, sikuwa nimelewa. Wala sikuwekeana dau na mtu. Na si "staili mpya ya Kampala" kama anavyodai yule jamaa ninayekaa naye chumba kimoja, aliyeirusha ile video ya mimi naimba na kichwa kilichonyolewa nusu kwenye stetasi yake hata sijateremka jukwaani, akaitia na muziki. Nimeamka nikakuta imefika Bombo, imefika Arua, na shangazi yangu wa Juba amenitumia vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Basi nisikilizeni na mimi.

Chuo chetu mnakijua. Ghorofani pale Ndeeba, chini yetu wanapasua mbao, kwa hiyo mwalimu akifundisha inabidi apokezane na msumeno. Kuna sisi wapishi, kuna wa nywele na urembo, kuna makatibu muhtasi, na wale wa kompyuta wanaojiona wameshafika. Wote kwa jumla tuko wachache kiasi kwamba rais wa wanafunzi alipita bila kupingwa, maana mpinzani wake alirudishwa nyumbani kufuata karo. Uchache huo ndio ulioniponza. Wa nywele wakiwa na jaribio la vitendo, vichwa havitoshi, wanakuja jikoni kuazima vyetu.

Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi na waajiri. Mkuu wa chuo akaamua kila kitu kifanyike siku hiyo hiyo, eti wageni watukute kazini. Mimi tangu alfajiri nababua majani ya ndizi ya kufungia luwombo, yaani kuku wa kupikwa ndani ya majani. Kuku wameshafungwa, wako kwenye mvuke, nina nafasi. Dada mmoja wa nywele, mtu wa Busia kule mpakani na Kenya, akaja mlangoni. "Kaka, nisaidie kichwa chako, muda mfupi tu." Saluni ya nje ingenila elfu tano. Nikakaa.

Mashine ilianzia sikio la kushoto, ikapanda taratibu, ikafika katikati ya utosi, na umeme ukakatika.

Nikasema malizia na mkasi. Mwalimu wao akakataa katakata: hili ni jaribio, litaendelea kwa mashine ile ile kwenye kichwa kile kile, na mtu asikiguse. Jenereta lipo, lakini petroli yake ilikuwa ya spika za sherehe. Nikachukua kofia yangu ndefu ya mpishi, nikaishusha mpaka kwenye nyusi, nikarudi kwa kuku wangu. Mpishi na kofia, nani angeuliza?

Sasa nyinyi mnaojua shughuli za hapa Kampala, mnajua hakuna anayekaa kabla ya nyimbo. Wimbo wetu wa taifa ni miongoni mwa mifupi kabisa duniani, ulipita mimi nafunua sufuria. Ukaja wa ufalme wa Buganda, bado niko salama. Ukafuata wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule uliopitishwa 2010, na ule ni Kiswahili kitupu. Hapo flashi ikagoma. Kimya. Wageni wanatazamana, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Na mkuu wetu, tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua 2022 Kiswahili kiwe lazima mashuleni, hana mgeni anayepita bila kuonyeshwa mimi, mtoto wa kambi ya jeshi ya Bombo niliyekua na Kiswahili. Nikasikia spika inaniita: "Tunaye mtoto wa Bombo! Mpishi wetu yuko wapi? Aje atuongoze!"

Makofi. Rafiki zangu wakanisukuma. (Huyo wa stetasi ndiye aliyesukuma zaidi, muulizeni.)

Nikapanda. Nikashika maiki. Mgeni rasmi, meneja wa hoteli moja kubwa ya mjini, ambaye ndiye anayechagua nani aende kwake mafunzoni, alikuwa mbele yangu hapo, karibu kiasi cha kusalimiana kwa mkono. Nikavuta pumzi. Nyuma yangu sauti ya mkuu, chini kwa chini: "Kofia."

Nikajifanya sijasikia.

"Kijana, kofia."

Nikatupa macho mstari wa pili. Mzee wangu. Mwanajeshi mstaafu, amesimama wima, mikono imebana mapaja, kidevu juu. Mtu aliyetulea kambini, ambako bendera ikishushwa hata mpira tuliuacha ukaviringika wenyewe. Hakusema neno. Aliitazama tu ile kofia.

Mkono wangu ukapanda. Nilijaribu kuivua kidogo kidogo, upande wenye nywele kwanza, kana kwamba watu wangetosheka na upande huo. Ikanasa. Nikavuta. Ikatoka yote kwa mpigo, na vinyweleo vilivyokuwa vimebanwa ndani vikamwagika kwenye kola ya koti langu jeupe, vingine vikaingia shingoni. Mtoto mmoja akasema, "Mama, tazama!" Mama yake akatazama. Mama yangu mimi akafunika uso kwa mtandio.

Na ule wimbo una beti tatu, jamani. Tatu, na kila ubeti kiitikio. Nimeimba zote, shingo inawasha, siwezi kujikuna, upande wa kushoto unapigwa na upepo. Wa kompyuta walikuwa wameinama kana kwamba wanasali. Dada wa Busia alikuwa analia, sijui kwa huruma au kwa kicheko, na mpaka leo hajaniambia.

Mgeni rasmi alipopewa maiki alinigeukia. "Tumeimba umoja wa nchi zetu vizuri sana," akasema. "Lakini huyu kijana mpaka wa Busia kaubeba kichwani." Ukumbi ukafa kwa kicheko. Tangu hapo jina langu chuoni ni Forodha.

Mengine mafupi. Luwombo ililiwa ikaisha. Mzee hakuniaga, ila Mama anasema ndani ya taksi alicheka kutoka Kawempe mpaka Matugga. Meneja alimaliza sahani yake, akaniambia niripoti hotelini Jumatatu, "ukiwa umenyoa sawasawa." Tatizo ni kwamba mwalimu wa nywele amelisogeza jaribio mpaka Jumatano, na nikigusa hata unywele mmoja, dada wa watu anapata sifuri. Yeye ananishauri nimwambie meneja ni ugonjwa wa ngozi. Ugonjwa gani huo unaofuata rula?